Mwenye sonona apewe diazepamu au asipewe?

Wakuu, naleta hoja. Mgonjwa wa sonona halali, moyo unamwenda mbio, hatulii. Ndiyo kwanza kaanzishiwa fluoxetine, dawa ya kutibu sonona. Je, aongezewe diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi, au avumilie mpaka fluoxetine ishike?

Mimi nasema aongezewe, ila kwa muda mfupi. Fluoxetine haishiki leo wala kesho. Huchukua wiki kadhaa, na siku za mwanzo yaweza hata kuuzidisha wasiwasi. Hapo ndipo wengi huvitupa vidonge. Mapitio ya 2019 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliona kwamba waliopewa dawa ya sonona pamoja na dawa ya jamii ya diazepamu walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa dawa ya sonona peke yake katika wiki nne za kwanza. Baada ya hapo, faida ya kuongeza haikuonekana tena. Diazepamu haitibu sonona, inamvusha tu mtu.

*Mchangiaji, muuza dawa:*
Mkuu, hizo wiki nne anazihesabu nani? Njoo usimame hapa dirishani. Mtu ananiletea cheti kimekunjwa hadi kinachanika, wino umefifia, anataka vidonge vilevile vya mwaka jana. Ukimuuliza kwa nini haachi, anasema alijaribu, akakesha macho makavu, mikono ikamtetemeka. Anadhani ugonjwa umerudi, kumbe ni mwili unadai kidonge. Uingereza walishaelekeza tangu 1988 kwamba dawa hizi zisizidi wiki mbili hadi nne, na mwaka 2020 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ikaagiza onyo kali la utegemezi liwekwe kwenye maelezo ya dawa. Na pombe je? Wenye sonona wangapi hawanywi? Ukichanganya na diazepamu, pumzi inaweza kukata. Wazee nao huanguka usiku wakienda msalani.

*Mleta mada:*
La cheti umenishika. Basi tarehe ya kuacha iandikwe siku ileile ya kwanza, na vidonge vitolewe vya wiki moja moja. Hata mwenye mawazo ya kujidhuru asiwe na kopo zima nyumbani. Aliyekwisha kuzitumia kwa miezi asiachishwe ghafla, degedege lisije likamuua. Apunguziwe dozi polepole, chini ya daktari.

*Mchangiaji, muuza dawa:*
Wiki moja moja, na mgonjwa anayetoka kijijini kwa bodaboda? Nauli atalipa nani?