Bia imegoma 1.022: kupasha joto, kuongeza hamira au kutia kimeng'enya?

Komoni7 (Mbeya)
Wakuu, naomba tulinganishe njia za kuifufua bia iliyogoma, yaani iliyoacha kuchachuka kabla ya wakati. Vipimo ni hivi: lita 20, kimea cha shayiri kilo 3.5, mtama uliopasuliwa kilo 1.2, hamira SafAle S-04 pakiti moja ya gramu 11.5. Kipimo cha mwanzo cha uzito wa bia 1.053 (maji matupu ni 1.000, na namba hushuka hamira ikila sukari). Povu lilipanda vizuri, likashuka siku ya nne. Siku ya kumi ilisoma 1.022, siku ya kumi na tatu ni 1.022 ileile. Ndoo ipo sakafuni, na kwa baridi hii ya mwezi wa saba kipimajoto kilichobandikwa ubavuni kinasoma nyuzi 13 alfajiri, 17 mchana. Nilitegemea ishuke mpaka 1.013 au 1.014.

Njia ninazozijua ni nne: kuipasha na kuitikisa, kumwaga pakiti nyingine ya hamira, kutia kimeng'enya cha kukata wanga, au kuiacha ijimalizie. Ianze ipi, na ipi isiguswe?

MpimaKwanza
Kabla ya njia yoyote: umepima kwa haidromita (kioo kinachoelea) au rifraktomita (kinachosoma sukari kwa mwanga)? Rifraktomita ikishakutana na pombe inadanganya. Bia iliyoanza Brix 13.3 (kipimo cha sukari cha rifraktomita) ikisoma 6.9 mwishoni, jedwali la kawaida litakwambia 1.027, kumbe ukiondoa athari ya pombe ni kama 1.013. Watu wengi wanatibu bia iliyokwisha kupona.

Kama ni haidromita, imimine sampuli kikombe hadi kikombe mara kumi hivi mpaka gesi itoke, maana mapovu yakishika kioo yanakiinua na namba inapanda. Halafu ijaribu kwenye maji safi ya nyuzi 20, isome 1.000. Na usiamini mapovu ya airloki, kile kizibo cha kutolea gesi. Ndoo yenye mfuniko uliolegea haitoi hata povu moja na bia inaendelea kuchachuka kama kawaida.

Tuambie pia kimea ulikiloweka kwenye maji ya moto ya nyuzi ngapi.

Komoni7
Haidromita, na kwenye maji inasoma 1.000 sawasawa. Gesi nilitoa. Mtama niliuchemsha peke yake dakika 30, nikaurudisha kwenye kimea. Mchanganyiko ukasimama nyuzi 70, baada ya saa moja ukawa 68.

NdooNaMrija
Hapo ndipo penye kesi. Una watuhumiwa wawili, na dawa zao ni tofauti kabisa.

Wa kwanza ni baridi. S-04 ni hamira inayogandamana na kuzama haraka, ndiyo maana bia yake inakuwa angavu mapema. Ikiwa kwenye nyuzi 20 halafu usiku ishuke hadi 13, inajikusanya chini ikiwa bado ina kazi. Sukari ipo, hamira ipo, ila havikutani.

Wa pili ni nyuzi 70. Kimeng'enya cha beta kwenye kimea, kile kinachokata wanga kuwa maltosi (sukari ambayo hamira inaila), kinafanya kazi vizuri kati ya 60 na 65. Kwenye 70 kinakufa ndani ya dakika chache. Kinachobaki ni cha alfa, nacho kinaacha vipande virefu ambavyo hamira ya kawaida haivili. Mtama haukusaidii hapo: wanga wake hauivi mpaka karibu nyuzi 70 na kuendelea, kwa hiyo kuuchemsha ulifanya sahihi, lakini beta wake ni mchache. Shayiri yako ndiyo ilitakiwa kubeba kazi ya wote wawili, na ukaimwagia uji wa moto ikapoteza nguvu mapema. Safari ijayo acha uji upoe, uumimine kidogo kidogo na ukomee nyuzi 65.

Kwa hiyo swali la kwanza ni kama kuna kitu cha kuchachuka humo ndani. Swali hilo linajibiwa na chupa moja:

Toa mililita 300 za bia hiyo, weka kwenye chupa ya nusu lita iliyosafishwa. Nyunyizia gramu 2 za S-04 kavu moja kwa moja. Usiiloweke kwenye maji, kwa sababu hata mililita 20 za maji zitakushushia kipimo bila hamira kufanya chochote. Legeza kizibo, iweke mahali pa nyuzi 26 hadi 28, itikise kila unapopita. Baada ya saa 48 toa gesi, upime. Hewa ikiingia si tatizo, hiyo sampuli inamwagwa.

Ikibaki 1.022 au 1.021, hakuna kupasha wala hamira mpya itakayosaidia: bia yako imeisha, ni nzito tu. Ikishuka, namba utakayoipata ndiyo sakafu ya ndoo nzima. Hamira iliyobaki kwenye pakiti, ikunje, ibane, weka kwenye friji nyuzi 4 na uitumie ndani ya siku saba.

PwaniKveik (Dar)
Mbona mnamzungusha mkuu? Amwage pakiti ya Voss, hamira ya kveik inayopenda joto, aipashe mpaka nyuzi 35, kesho kutwa imeisha. Au atie ile hamira ya shampeni, EC-1118, hiyo haiogopi pombe.

KimeaKavu
Mkuu wa Pwani, huku Mbeya nyuzi 35 utazipata wapi usiku? Kwako Dar Voss inajiendesha yenyewe, lakini ikiwa kwenye ndoo inayopoa kila alfajiri nayo inalala vilevile.

EC-1118 ndiyo nisingeigusa. Ni kweli inavumilia pombe, lakini bia hii ina asilimia 4 tu, pombe siyo inayoizuia. Sukari iliyobaki mwishoni mwa bia ni maltotriosi kwa wingi, sukari ngumu kuliwa kuliko maltosi, na hamira ya shampeni haiiwezi. Ubaya mwingine, ni hamira muuaji: inatoa sumu inayoua hamira nyingi za bia. Utakuwa umemfukuza fundi aliyekuwepo na kuleta asiyejua kazi. Hamira ya mikate nayo iacheni jikoni.

Halafu kumwaga pakiti kavu yoyote juu ya bia iliyochachuka nusu ni kamari. Hamira inaamka kwenye pombe, tindikali na gesi, haina oksijeni, na sukari rahisi zimekwisha kuliwa. Sehemu kubwa inazama bila kufanya lolote, halafu mtu anasema "hata pakiti ya pili imegoma". Hamira mpya iingie ikiwa tayari inakimbia, sio ikiwa imelala.

Mgeni_wa_Ndoo
Samahani kuingilia. Mimi natumia hamira ya Windsor na kila mara inakwama 1.018 hadi 1.020. Ni tatizo hilohilo?

KimeaKavu
Hapana. Windsor haili maltotriosi, hiyo ndiyo tabia yake. Bia ya 1.053 kuishia 1.018 kwa Windsor ni kawaida. Badilisha hamira au loweka kimea nyuzi 63 hadi 64.

MpimaKwanza
Kuhusu kimeng'enya, kwa sababu mleta mada amekitaja. Glukoamilasi, ndicho kimeng'enya chenyewe, inafanya kazi, hakuna ubishi. Inakata vile vipande virefu kuwa glukosi na hamira inavila. Tatizo haijui kusimama. Ukilenga 1.014 itakupeleka 1.004 au hata 1.000, bia inakuwa nyepesi kama maji na pombe inapanda zaidi ya asilimia moja na nusu. Kuizima inabidi uchemshe bia, jambo ambalo hulifanyi. Na ukiweka kwenye chupa kabla haijamaliza, inaendelea humo humo. Ni dawa ya mwisho, kwa bia ambayo vinginevyo ungeimwaga.

Hamira za saison (bia kavu ya asili ya Ubelgiji) zenye tabia ya kutengeneza kimeng'enya hicho zenyewe, mfano Belle Saison, ziwekeni kundi hilohilo. Zitaikausha bia, na zikibaki kwenye mpira wa mrija au bomba la ndoo zitaifuata bia inayokuja.

Kuiacha tu nako sikushauri kwa joto hilo. Kwenye nyuzi 13 S-04 haitajiamsha.

Komoni7
Majibu ya chupa, saa 48 kwenye nyuzi 27: 1.016. Nimetia pia tone la ayodini ya duka la dawa kwenye bia kidogo ndani ya kisahani cheupe, imebaki rangi ya kahawia, hakuna weusi.

NdooNaMrija
Safi. Ayodini inasema wanga mbichi haukubaki, mtama wako uliiva. Namba ya chupa inasema watuhumiwa wote wawili wana hatia: pointi 6, yaani kutoka 1.022 hadi 1.016, ni za baridi, na zile mbili tatu kati ya 1.016 na 1.013 uliyoitaka ni za nyuzi 70. Hizo za pili zisamehe. Unatafuta 1.016, sio 1.013, kwa hiyo kimeng'enya kitoe kwenye orodha.

Anza na joto. Ndoo iingie kwenye beseni kubwa la maji yanayofika usawa wa nusu ya bia, na hita ya akwariamu ya wati 100 ndani ya maji ya beseni, iwekwe nyuzi 23. Funika vyote kwa blanketi. Usiiweke karibu na jiko, upande mmoja utaungua na mwingine utabaki baridi. Ikifika 20, ishike ndoo ukingoni, uinamishe na uizungushe taratibu mpaka mashapo ya chini yapande, mara mbili kwa siku. Mfuniko usifunguliwe, na usikoroge kwa mwiko: hewa ikiingia sasa bia itanuka karatasi lenye unyevu baada ya wiki chache kwenye chupa.

Pima siku ya tatu. Ikiwa imeshuka hata pointi mbili, iache iendelee. Isiposogea, hapo ndipo hamira mpya.

KimeaKavu
Mimi ningeiandaa hamira leo leo sambamba na beseni, maana ile pakiti iliyofunguliwa ina siku saba na mbili zimeshapita. Una gramu 9.5 hivi.

Kama huna unga wa kimea: gramu 250 za kimea kilichosagwa, lita moja ya maji, nyuzi 65 kwa saa nzima. Chuja, chemsha dakika 10, poza hadi 25, ongeza maji yaliyochemshwa mpaka isome 1.040. Tia hamira, tikisa sana, hapa oksijeni inatakiwa. Baada ya saa 18 hadi 24 povu likiwa juu, ongeza mililita 250 za bia iliyogoma, subiri saa tano, ongeza 500 nyingine. Ikirudi kutoa povu, yote yaingie kwenye ndoo, tofauti ya joto isizidi nyuzi 3. Hivyo inakuwa imeshazoea pombe kabla ya kuingia.

NdooNaMrija
Akiandaa sawa, ila asimimine kabla ya kipimo cha siku ya tatu. Pointi 6 kwa S-04 iliyo hai, joto na mtikiso vinatosha mara nyingi, na lita ya ziada inapunguza uchungu wa hopsi. Ikishuka, ile hamira aiwekee bia nyingine.

MpimaKwanza
Na mkuu, hata ikichelewa vipi usiifungie kwenye chupa ikiwa 1.020 kwa kudhani imetulia. Kila pointi moja inayochachuka ndani ya chupa ni kama nusu ujazo wa gesi, yaani nusu lita ya gesi kwa lita ya bia. Pointi 4 ni ujazo 2, ongeza sukari ya chupa na gesi iliyokuwemo, unapita 4. Chupa za kawaida za bia hazikutengenezwa kwa mgandamizo huo, zinapasuka.

Isome 1.016 mara mbili, siku tatu zikiwa katikati, bia ikiwa kwenye nyuzi 20 au zaidi. Kisha gramu 120 za sukari kwa lita 20 zote, zichemshwe kwenye kikombe cha maji, zichanganywe kabla ya kujaza. Chupa nazo zikae wiki mbili kwenye joto hilohilo, zikirudi sakafuni hamira italala tena na bia itabaki bila gesi.

Komoni7
Hita ipo, beseni lipo. Naweka usiku huu. Kipimo cha siku ya tatu nitakileta hapa.