Mnaorusha glaida za rimoti, tupeane uzoefu: ulianzaje?

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni wa glaida za rimoti, zile ndege mfano zenye mabawa marefu zinazokaa angani kwa kutegemea hewa inayopanda. Wenye droni mna nyuzi zenu. Wageni wanaouliza "ninunue ipi?" wamekuwa wengi, na wanachojibiwa ni majina ya modeli tu. Nataka tusimuliane mwanzo ulikuwaje: ulianza na ndege gani, nani alikushika mkono, nini ungependa kuambiwa mapema.

Naanza mimi. Yangu ya kwanza ilikuwa ya povu gumu, mita 2 kutoka ncha ya bawa hadi ncha, ina kimota puani na propela inayojikunja ukizima. Chaneli 3 tu: mota, eleveta (kibao cha mkiani cha kupandisha na kushusha pua) na usukani wa mkiani. Aileroni, vile vibao vya nyuma ya mabawa vya kuilaza ndege upande, haina. Mabawa yake yameinuliwa kuelekea nchani, na kule kuinuka ndiko kunakoifanya ijiweke sawa yenyewe ukiachia vijiti.

Aliyenifundisha alikuwa mzee mmoja wa maneno machache. Aliipandisha, akazima mota, akanipa rimoti na kusema, "Usifanye kitu." Nikabaki nimeikodolea macho ndege inakwenda zake, wala haihitaji msaada wangu. Baadaye ndiyo akaanza: "Gusa kushoto. Achia." Nikikawia kuachia, ananigonga kidole gumba kwa kalamu. Mpaka leo msimamo wangu ni huo: ndege nyingi za wanaoanza zinaangushwa na vidole visivyotulia.

Haya, tiririkeni.

Bawa_Refu

Mkuu umeanzia angani, wengine tunaanzia mezani. Kabla ya vidole kuna mizani. Kila ndege ina sehemu yake ya kubalansi, mara nyingi kama theluthi ya upana wa bawa ukipima kutoka ukingo wa mbele, na kitabu chake kinakuonyesha. Weka betri ndani, funga kila kitu, kisha inyanyue kwa ncha za vidole chini ya mabawa. Ikae sawa, au pua iiname kidogo tu. Mkia ukilala, sogeza betri mbele au ongeza uzito puani. Pua ikizidi uzito ndege inakuwa mvivu lakini utaitua. Mkia ukizidi, eleveta ukiigusa kidogo tu inaruka juu na chini kama panzi, hutaiweza.

Halafu jaribu kwa mkono kwanza, bila mota, kwenye majani marefu. Elekea upepo, shika usawa, isukume mbele. Usiitupe juu! Wengi wanaitupa juu, inapoteza mwendo, inaangukia pua, halafu wanalaumu kiwanda.

Kijiti_Cha_Kulia

Kilichonitesa mimi ni ndege ikiwa inanijia. Ikienda mbali na wewe, kulia ni kulia. Ikigeuka kukuelekea, kulia kwako ni kushoto kwake, na akili inagoma. Nilishauriwa nigeuze mwili nitazame inakoelekea na kuchungulia kwa begani. Inasaidia kidogo, ila shingo inauma.

Kilichonitoa gizani ni hiki: ikiwa inakujia na bawa moja limeshuka, peleka kijiti upande wa lile bawa lililoshuka, kana kwamba unaliegemezea kitu chini yake. Litainuka. Huna haja ya kuwaza kulia kwa nani. Nilifanya hivyo mpaka ikawa mazoea, siku hizi sijui hata kama nafikiri.

Mzee_wa_Simuleta

Hayo yote unayapata kwenye simuleta bila kuvunja kitu. Chomeka rimoti yako kwenye kompyuta, anguka unavyotaka.

Bawa_Refu

Simuleta nzuri, sikatai. Ila haikufundishi woga, na upepo wake una adabu mno.

Mteremko

Mimi sikuwahi kuwa na mota. Nilianzia kilimani. Upepo ukigonga mteremko unalazimika kupanda, na mbele ya ukingo panakuwa na hewa inayoinuka mfululizo. Unasukuma ndege mbele kutoka ukingoni na inabaki juu maadamu upepo unavuma. Kwa kujifunza hakuna mahali pazuri zaidi, kwa sababu unapata muda mrefu wa kugeuka kushoto na kulia bila kuwaza kutua.

Masharti mawili. Kila kona igeuze kuelekea nje, kwenye upepo, kamwe usigeuze kuelekea kilima. Na usiiache ikavuka kwenda nyuma yako, upande uliokingwa na upepo. Huko hewa inaviringika na kushuka, inaipigiza ndege chini kabla hujajua kulikoni. (Wapo wanaoingia huko makusudi. Wanazungusha ndege kati ya upepo wa juu na hewa tulivu ya nyuma ya kilima, kila mzunguko inaongeza kasi, na zimeshapimwa zikipita kilomita 800 kwa saa bila mota. Si mchezo wa mgeni, hata kutazama nasimama mbali.)

Kamba_na_Mpira

Ninyi wa mota naona mnapunguza utamu. Sisi tunapandisha kwa mpira: unakita kigingi upande upepo unakotoka, unafunga mpira mrefu, kisha kamba ndefu zaidi yenye pete mwishoni. Pete inaingia kwenye ndoano iliyo tumboni, mbele kidogo ya sehemu ya mizani. Unarudi nyuma ukivuta, unaachia, inapanda kama tiara na pete inachomoka yenyewe juu. Baada ya hapo ni wewe na hewa. Ukikosa hewa inayopanda unatua, unaifuata kamba, unarudia. Miguu inakomaa.

Mwanzisha uzi

Hahaha mkuu, mota si dhambi. Hata mashindano ya F5J, yale ya glaida zenye mota, wanatumia: mota hairuhusiwi kupita sekunde 30, kifaa ndani ya ndege kinarekodi urefu uliofika, na kila mita inakukata pointi. Kwa hiyo wajuzi wanazima mapema na kutafuta hewa wakiwa chini. Kwa mgeni, mota ni nafasi ya pili akikosea hesabu za kutua.

Fuata_Mwewe

Nimesoma yote, naona hamjafika penyewe. Utamu wa glaida ni hewa moto. Jua likipasha ardhi, sehemu kavu au nyeusi inapata joto kuliko majirani zake, hewa ya pale inajikusanya kisha inang'oka na kupanda. Huioni, lakini dalili zipo. Upepo usoni unatulia au unageuka ghafla kuelekea mahali fulani. Ndege wakubwa wanazunguka bila kupiga bawa. Na glaida yenyewe inasema: bawa moja linainuliwa bila wewe kugusa kitu. Wageni wanalishusha na kuendelea na safari. Geukia upande huohuo! Bawa lililoinuka ndilo lililogusa hewa inayopanda, ndege inasukumwa nje, na wewe unatakiwa uirudishe ndani.

Ukishaingia, zungusha duara lisilokaza sana, na lihamishe taratibu kule upepo unakokwenda, maana hewa ile nayo inasombwa. Pembezoni mwake kuna hewa inayoshuka, ukitoka utaona ndege inazama. Usikae pale kubembeleza, ongeza mwendo upite.

Na mjue kushuka. Hewa ikiwa na nguvu, ndege inakuwa kitone na hujui tena inaelekea wapi. Kuipigisha mbizi kali ni njia ya kuvunja mabawa. Ondoka kwenye ile hewa mapema, tumia breki za bawa kama zipo. Ya kwangu nimeipaka rangi nyeusi chini ya mabawa, maana nyeupe ikiingia mbele ya wingu jeupe umeipoteza. Wala usiipitishe mbele ya jua.

Mgeni_Hapa

Wakuu naomba kuuliza. Rimoti zinauzwa mode 1 na mode 2, mimi sielewi tofauti. Na ndege ya chaneli 3 usukani unakuwa kijiti kipi?

Kijiti_Cha_Kulia

Mode 2: mota kijiti cha kushoto, eleveta cha kulia. Mode 1 ni kinyume chake. Chagua ile anayotumia mtu atakayekufundisha, ili akupokonye rimoti mambo yakiharibika. Kwa chaneli 3, servo (kimota kidogo kinachosogeza kibao) ya usukani ichomeke kwenye risiva, kile kipokezi cha rimoti ndani ya ndege, sehemu ya aileroni, sio ya usukani. Hapo utageuzia kijiti cha kulia, na siku ukihamia ndege yenye aileroni mkono wako hautaanza upya.

Mgeni_Hapa

Nimekupata. Kuna jamaa jirani anarusha, ngoja nikamuulize yake ni ipi kabla sijalipia.