Naomba ushauri: kuondoa risasi na kromiamu kwenye majitaka ya kiwanda kwa maganda ya ndizi

Wataalamu, naomba mnisaidie. Ninajaribu kusafisha majitaka ya kiwanda yenye metali za sumu, yaani risasi (ledi) na kromiamu, kwa kutumia maganda ya ndizi yaliyokaushwa na kusagwa, kwa kuwa mkaa amilifu (mkaa uliotengenezwa maalumu kunasa uchafu) ni ghali mno. Risasi hunaswa vizuri pH (kipimo cha uasidi wa maji) ikiwa kati ya 5 na 6. Ikishuka sana, ioni za haidrojeni (chembe za asidi zenye chaji) hugombania nafasi zilezile juu ya maganda, na ikipanda mno, risasi hujitenga yenyewe kama tope, hata mtu akadhani ni maganda yaliyoinasa. Kromiamu ya valensi 6 (aina yake yenye sumu kali), kinyume chake, hunaswa vyema kwenye pH ya karibu 2. Je, nigawe kazi katika matangi mawili, nikianza na lile la asidi?

Vilevile maganda mabichi huyatia maji rangi ya kahawia, nami sijui kama kuyaosha kunatosha au ni lazima yachomwe kuwa mkaa. Linalonisumbua zaidi ni maganda yaliyokwisha kushiba metali, kwa sababu kuyatupa ovyo ni kuirudisha sumu ileile kwenye maji ya watu. Aliyewahi kuyasafisha kwa asidi na kuyatumia tena anieleze, tafadhali, asidi hiyo yenye metali aliipeleka wapi.