Naomba ushauri: nisimbe vipi picha za wateja zisivuje?

Mama Hina: Wakuu, habari za jioni. Ni mpiga picha wa kike hapa Tanga, nachukua shughuli za wanawake tu: singo, hina, kitchen party. Mle ndani watu wamevua mitandio, simu zinakusanywa mlangoni. Picha moja ikivuja, ndoa ya mtu iko matatani. Nataka nizisimbe kwenye laptopu, hata ikiibwa zisifunguke. Mnatumia njia gani?

Mkongwe wa Ngamiani: Kwani lazima kupiga picha? Bibi zetu waliolewa bila kamera na ndoa zilidumu.

Fundi Baraza: Dada, programu nyingi za kuficha picha zinahamisha tu faili kwenye folda iliyofichwa. Weka 7-Zip, programu ya kufunga mafaili, muundo wa 7z, nenosiri refu la maneno matano au sita. Weka tiki pale pa kusimba majina ya faili pia, maana jina la bibi harusi tu tayari ni umbea. Inatumia AES-256, njia ya kusimba inayojulikana wazi. Ni bure.

Shangazi Pwani: Mwenzenu nilipeleka simu kubadilisha kioo, wiki ile ile picha zangu za uzazi zikazunguka mtaani. Tangu siku hiyo fundi simwachii simu, nakaa naye mpaka amalize.

Fundi Baraza: Pole. Mama Hina, kwa sasa umezihifadhije?

Mama Hina: Zipo salama. Nataka tu kujua wengine mnafanyaje.

Fundi Baraza: Salama vipi?

Mama Hina: Haya. Mpwa wangu yuko chuo, kanitengenezea programu. Inakata picha vipande vya mraba, 512 kwa 512, inavuruga nukta mpaka unaona chenga tupu. Za harusi ya juzi nimeshazipitisha, za asili nimefuta. Kijana kasoma, na AES kila mtu anaijua, hii yetu nani anaijua? Ila nikizirudisha, gauni linakuja na chengachenga.

Fundi Baraza: Hiyo inanukia ramani ya Arnold, yule mwanahisabati Mrusi. Inahamisha nukta, rangi haigusi. Tena kwa mraba wa 512, ukiizungusha mara 384 picha inarudi yenyewe. Mwizi ana haja gani na nenosiri? AES imekuwa kipimo cha serikali ya Marekani tangu 2001, kila mtaalamu ameichokonoa hadharani. Siri ni nenosiri lako, si njia. Na chenga zinatokana na JPG: inatupa chembe ndogo za picha, na picha iliyovurugwa ni chembe tupu. Simba faili zima, nukta ziache.

Msaka Chai: Hii chai haina hata sukari. ID ya leo, mpiga picha wa hina anajua 512 kwa 512? Huyu ni mpwa mwenyewe anatafuta majibu ya mradi wa chuo.

Shangazi Pwani: Nami nilihisi!

Mkongwe wa Ngamiani: Kijana, soma.

Mama Hina: Hiyo namba imeandikwa kwenye programu, nimenakili. Bibi harusi anafuata albamu kesho, nyie mnasema chai.

Fundi Baraza: Iwe chai, isiwe chai, kadi ya kamera iko wapi?

Mama Hina: Ninayo. Nimefuta, sijapiga nayo tena.

Fundi Baraza: Basi usipige nayo! Kufuta kunaondoa orodha tu, picha zenyewe zinabaki mpaka ziandikwe juu yake. Endesha PhotoRec, programu ya kurudisha picha zilizofutwa, hifadhi kwenye diski nyingine. Zikirudi, simba kwa 7-Zip, fungua uhakikishe, kisha hiyo kadi uifute kabisa kwa kuiandika juu. Unachoweza kurudisha wewe, aliyeiokota naye ataweza.

Mama Hina: Inasoma... Majina yote yamepotea, ila picha zinafunguka. Gauni safi! Mungu akubariki, kaka.

Msaka Chai: Uzi bila picha hauna ladha. Weka hata moja tuamini.

Mama Hina: Hiyo ndiyo sitaweka.