Dole gumba liko laterali au midiali? Naomba msaada, anatomia inanichanganya

Binti wa Ujiji
Wakuu habari za jioni, nasoma uuguzi mwaka wa kwanza hapa Kigoma. Kwenye testi nimeandika dole gumba liko midiali, yani upande wa katikati ya mwili, ticha kanipiga kosa. Sasa hapa nimeweka mikono mezani viganja chini, madole gumba yote mawili yanatazamana kabisa, kosa langu liko wapi?

Sista Mwanga
Mdogo wangu ticha yuko sahihi. Hatuangalii wewe umekaaje saa hizi, kuna mkao mmoja tu wa anatomia: mtu kasimama wima, uso mbele, nyayo chini vidole vimeelekea mbele, mikono pembeni na viganja vimetazama MBELE. Hebu simama ugeuze viganja, si unaona dole gumba limeenda nje? Hilo ni laterali, kidole cha mwisho ndo midiali. Halafu shika pale unapohesabia mapigo kwenye kifundo cha mkono, upande wa gumba, mfupa wa hapo ni rediasi, ukilaza kiganja chini huo mfupa unakatiza juu ya alna, mfupa mwenzake wa upande wa kidole cha mwisho, kama mtu anakunja nne, kiganja kikitazama mbele yote miwili inakaa sambamba

Mzee wa Kibirizi
Na kulia ni kulia kwa mgonjwa, sio kwako!! Nilipokuwa mgeni kazini alikuja mvuvi ndoano imezama mkononi, kaunyanyua juu damu ipungue, tumetazamana, mi nikaandika mkono wa kushoto kumbe ule ulikuwa kushoto kwangu, wake ni wa kulia. Nikaongeza "chini ya kiwiko" na wakati huo kiganja kiko juu ya kichwa chake. Sista wa zamu akanirudishia faili, akasema andika distali ya kiwiko, yani mbali zaidi na bega, hapo hata aning'inie hamna atakayepotea. Kiwiko chenyewe ni proksimali kwa kifundo, kiko karibu na bega.

Binti wa Ujiji
Asanteni sana, nimegeuza viganja nimeona. Je mtu akilala kifudifudi, mgongo si ndo unakuwa supiria maana uko juu?

Sista Mwanga
Hapana mdogo wangu, supiria ni kuelekea kichwani hata kama kalala. Mgongo unabaki posteria, yani upande wa nyuma, na kitovu anteria, yani upande wa mbele, hata kikiwa kimegusa godoro.