Maoni yanatakiwa: jahazi kuukuu nchi kavu, mtepe mpya majini, au kukarabati forodha ya zamani?

Mkaazi_wa_Bandarini
Wakuu, salaam. Halmashauri yetu imeleta karatasi ya maoni kuhusu kivutio kipya cha urithi wa bahari, mwisho wa kurudisha ni Ijumaa. Njia ni tatu: (1) jahazi kuukuu linunuliwe, lipandishwe nchi kavu na kujengewa nyumba ya vioo; (2) ujengwe mtepe mpya (chombo cha kale ambacho mbao zake hushonwa kwa kamba), ukae majini na kubeba watalii; (3) jengo la forodha ya zamani likarabatiwe na pembeni pawe na banda la mafundi. Fedha ni nyingi na mtaani watu wamegawanyika. Tuchague ipi?

Fundi_Mkuku
Umeuliza nusu. Jahazi lina urefu gani, mbao zake ni za mti gani, bado liko majini au limeshapandishwa? Maji ya bamvua, yale makubwa kabisa, yanafika wapi hapo? Na fedha hizo ni za kujenga tu, au na matunzo yamo?

Hesabu_za_Pwani
Matunzo ndilo swali. Chukua mfano: walinzi, umeme na mafundi vikifika sh. milioni 60 kwa mwaka, na kiingilio kikiwa sh. 5,000, zinatakiwa tiketi 12,000. Hizo ni kama 33 kila siku, masika yakiwemo. Mwezi wa Aprili mnapata wageni 33 kwa siku?

Mkaazi_wa_Bandarini
Jahazi ni futi 60 hivi, liko ufukweni tangu mwaka jana. Mbao sijui. Karatasi inataja ujenzi tu. Aprili hawafiki hata kumi.

Fundi_Mkuku
Basi namba 1 ikataeni. Jahazi huishi kwa maji ya chumvi: mbao zikivimba ndipo zinaibana pamba ya kalafati, ile inayoziba nafasi kati ya mbao. Likikaa juani miezi mitatu mbao zinanywea, nafasi zinafunguka na pamba inaning'inia nje.

Kuna moja liliwekwa mbele ya hoteli kama pambo. Mkuku, ule uti wa chini wa chombo, ulilazwa juu ya zege bila magogo ya kuuinua, na sitaha haikuezekwa. Mvua ikaingia, ikatuama kwenye ngama, chini kabisa ndani ya chombo. Maji ya mvua ndiyo yanayoozesha, ndiyo maana baharia huosha sitaha kwa maji ya bahari. Walipoona mbao zimeachana wakajaza saruji kwenye nyufa, kisha wakapaka rangi ya mafuta nje na ndani, unyevu ukafungiwa humo. Misumari ikashika kutu, na kutu ikala mbao kuzunguka kila msumari: ukigonga kwa kifundo cha kidole unasikia uvungu. Mchwa wakapandia mkukuni. Mwaka wa nne mataruma (mbavu za chombo) ya upande mmoja yalikuwa unga. Tumbo lilishuka juu ya nguzo mbili za kuegemeza zilizobaki, zikalitoboa.

Kama ni lazima likae nchi kavu, paa litangulie kabla jahazi halijafika. Mkuku uinuliwe kwa magogo, upepo upite chini yake, kila egemeo liwe na ubao mpana wa kugawa uzito, na sifa, yaani mafuta ya papa, ipakwe mara kwa mara, isisubiri mbao zianze kupauka. Vioo hapana: joto la ndani ya vioo pwani litamaliza kazi ya jua.

Binti_Forodhani
Mbona London wameweza? Cutty Sark ni meli ya 1869, iliungua 2007, ikafunguliwa tena 2012 imeinuliwa kama mita tatu, na vioo vimeizunguka. Wageni wanapita chini ya mkuku wake. Mtoto akisimama pale anaelewa meli kuliko kwa kusoma mabango ishirini.

Hesabu_za_Pwani
Ile mataruma yake ni chuma, mbao ni za nje tu, na kazi nzima ilikula pauni milioni 50 hivi. Hata kwa fedha hizo wapo waliolalamika kwamba vioo vimeficha umbo lake. Halafu tazama Vasa, meli ya kivita iliyozama zamani kule Stockholm: iliopolewa 1961, jumba lake likafunguliwa 1990, na kufikia 2000 mbao zilikuwa zinatoa tindikali. Salfa ilikuwa imejaa ndani ya mbao, kutu ya chuma ikasaidia, na wageni walioloa mvua wakaongeza unyevu ukumbini. Ikabidi wabadilishe boliti zaidi ya 5,000. Huo ndio umeme na ufundi ninaouulizia.

Mswahili_Muscat
Mimi ni namba 2. Kushona mnakuogopa bure. Jewel of Muscat ilishonwa kwa kamba za nazi huku Oman, na 2010 ikavuka bahari hadi Singapore. Lakini mjue kazi yake. Makumbi ya nazi yanafukiwa kwenye tope la pwani miezi mingi, yanapondwa, ndipo usumba, yaani nyuzi zake, unasokotwa kuwa kamba. Matundu yanatobolewa kwa keke, kamba inakazwa kwa mti, kisha kila tundu linazibwa. Mtepe huvuja daima, anatakiwa mtu wa kufua maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, na kamba zinashonwa upya kila mara. Bila mafundi wa kudumu msianze.

Binti_Forodhani
Na abiria je? Tanzania Bara mtakutana na ukaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini. Chombo kinachovuja kwa asili yake kitapitaje?

Mswahili_Muscat
Kisibebe abiria. Kishonwe mbele ya watu, kielee gatini.

Mla_Papa
Halafu hakikisheni ni mtepe kweli. Mtepe una omo (sehemu ya mbele) uliochongwa kama kichwa cha ngamia, na tanga la mkeka la mraba. Ukiwa na omo ulionyooka hilo ni dau la mtepe.

Fundi_Mkuku
Vyote viwili vilishonwa, tanga lilikuwa lile lile. Watalii hawataona tofauti.

Mla_Papa
Watoto wetu wataiona wakifundishwa, na kivutio kinajengwa kwa ajili yao kwanza. Mtepe uliojengwa 2003 na kuwekwa Beit al-Ajaib, jumba la makumbusho Zanzibar, ulikuwa na umbo lake kamili.

Hesabu_za_Pwani
Na jengo lenyewe la Beit al-Ajaib, la 1883, sehemu yake iliporomoka 25 Desemba 2020 likiwa kwenye matengenezo. Kwa hiyo hata namba 3 si rahisi. Hiyo forodha yenu imepigwa plasta ya saruji? Mawe ya matumbawe yanataka chokaa. Saruji inafungia chumvi na unyevu ukutani, ncha za boriti zinaoza ndani bila kuonekana.

Mkaazi_wa_Bandarini
Imepigwa saruji nje yote. Boriti ni za mkoko, vyumba vyembamba.

Hesabu_za_Pwani
Vyembamba kwa sababu boriti hazivuki zaidi ya mita tatu hivi. Wakitaka ukumbi mpana watavunja kuta zinazobeba dari. Omba mchoro kabla ya kusaini chochote.

Fundi_Mkuku
Na kesho maji yakipwa nenda kwenye lile jahazi na kisu chembamba. Choma mkuku kila hatua moja, hasa unapogusa mchanga, uniambie kinazama kiasi gani. Na picha ya ngama tafadhali.