MREJESHO: Faiba kutoka nyumba kubwa hadi nyumba ya uani, Kigoma

Wakuu, habari za siku. Niliuliza nivute waya gani hadi nyumba ya uani, hapa Gungu, ili kompyuta ya kuhariri video ifikie hifadhi ya mafaili kwa gigabiti 10 kwa sekunde. Asanteni sana mlionijibu.

Nimefuata ushauri wa kuvuta faiba, yaani waya wa uzi wa kioo unaopitisha data kwa mwanga: aina ya singomodi (njia moja tu ya mwanga), daraja la OS2, yenye viunganishi vidogo vya LC tayari ncha zote mbili. Kilichonishawishi ni radi za huku ziwani: waya wa shaba ulishaniunguzia swichi (kifaa cha kuunganisha vifaa vya mtandao), na kioo hakipitishi umeme. Tumeipitisha ndani ya bomba chini ya ardhi. Fundi alitaka kuikunja kwenye pembe ya dirisha, nikamzuia, maana mdau mmoja alionya faiba ikibanwa kona mwanga unavuja. Tukaizungusha kwa duara pana.

Kilichogoma ni moduli za mtumba, vile vipande vya kuchomeka kwenye swichi vinavyogeuza umeme kuwa mwanga. Swichi ya uani ilizikataa kabisa, ikabidi ninunue zinazoendana nayo. Taa ya muunganisho ikawaka papo hapo. Kasi ya gigabiti 10 inaonekana kati ya swichi, ila diski zangu za kuzunguka haziifikii, kwa hiyo SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ndiyo inayofuata. Intaneti haijaongezeka, kifurushi ni kilekile. Mungu awabariki sana.